Mama wa kwenye simu

Saa nne asubuhi jijini Bangkok, kengele ya mapumziko inapolia na watoto kuanza kunywa maziwa ya shule, mwalimu huyu hutoka darasani mbele ya wanafunzi wake. Huteremka ngazi hadi nyuma ya jikoni, huketi kwenye benchi la mbao, huegemeza simu kwenye chupa ya maji na kupiga namba moja.

Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, wakati huo ni saa kumi na mbili asubuhi. Mvulana wa miaka tisa ameketi mkekani, kikombe cha uji mkononi, macho bado mazito kwa usingizi. Simu ya nyanya yake imeegemezwa kwenye mkebe wa sukari.

Hawaongei mengi. Mama anakula, mtoto anakunywa uji. Mtoto anatafuta soksi moja iliyopotea, mama anamngoja. Baada ya dakika kumi na tano kila mmoja anakwenda shule yake, mmoja kufundisha na mwingine kufundishwa.

Ukiwatazama utadhani ni jambo jepesi. Liliwachukua karibu miaka miwili kulijifunza, na kabla ya hapo liliwaliza wote watatu: mama, mtoto na nyanya.

Miaka sita ya kusubiri

Alipofuzu ualimu, alikuwa na tumaini la kila mhitimu wa Kenya, yaani kuajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Alituma maombi, akasubiri. Kila nafasi zilipotangazwa alipiga foleni na faili lake la vyeti kwapani, na kila majina yalipotoka, lake halikuwamo.

Katika kusubiri huko alifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule ya msingi iliyomlipa kupitia bodi ya shule. Mshahara ulikuwa Sh8,000 kwa mwezi, na miezi mingine nusu yake kwa sababu wazazi hawakuwa wamelipa. Mambo yakawa hivyo kwa miaka sita.

Baba wa mtoto aliondoka mapema na hakuacha namba ya simu. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mwanawe, na mamake ambaye kila asubuhi aliuza mahamri na mbaazi barazani. Kodi, karo, umeme na dawa za presha za mama mzee, vyote vilitoka katika karai lile la mahamri na zile Sh8,000.

Rafiki aliyesoma naye chuoni ndiye aliyemweleza habari za Thailand. Shule za huko zinatafuta walimu wa Kiingereza na Waafrika kadhaa walikuwa wameshapata kazi. Alikopa chamani, akatengeneza pasipoti, akafanya mahojiano kwa simu. Oktoba 2022 akapanda ndege. Mtoto alikuwa na miaka sita.

Usiku wa kuamkia safari, mamake alimwambia maneno machache tu: "Nenda, mwanangu. Mtoto ana mimi."

Wakati huo aliyapokea kama baraka. Miezi baadaye maneno hayo hayo yalimchoma kama mwiba.

Kivuko kingine

Alipata chumba upande wa Thonburi, magharibi ya mto Chao Phraya, na shule yake iko ng'ambo ya pili. Kwa hiyo maisha yake ya ugenini yalianza na kitu alichokijua tangu utotoni, kivuko. Kila asubuhi hulipa baht chache na kupanda boti ya kuvuka mto.

Hapo hapo tofauti zikaanza. Likoni watembea kwa miguu huvuka bure, wakisukumana na mikokoteni na wachuuzi. Hapa watu husimama kimya, na mtawa wa Kibudha mwenye joho la rangi ya chungwa akipanda huachiwa mahali pake. Mwanamke hapaswi kumgusa mtawa, hata kwa bahati mbaya. Wiki ya kwanza mwalimu alivuka akiwa amebana mikono kifuani, akihofia boti ikiyumba atamwangukia mtu asiyefaa kuguswa.

Saa mbili kamili asubuhi bendera hupandishwa na wimbo wa taifa kupigwa, shuleni, vituoni na kwenye bustani. Saa kumi na mbili jioni hupigwa tena, na watu waliokuwa wakikimbia mazoezi husimama tuli hadi uishe. Wanafunzi humsalimu kwa kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, salamu iitwayo wai. Darasa lake lina watoto 40 na ushei, idadi isiyomtisha mwalimu yeyote aliyetoka Kenya.

Yapo mambo ambayo hakuyaandika katika jumbe za nyumbani. Matangazo mengi ya kazi yalisema wazi kwamba yanataka watu wa nchi chache tu, kama Uingereza, Marekani, Canada na Australia. Wakala mmoja alimsifu kwa simu, lakini alipowasha kamera na kumwona, nafasi ikasemekana imeshajazwa. Shule iliyomchukua ilimtaka kwanza afanye mtihani wa kuonyesha kwamba anajua Kiingereza, lugha aliyokuwa ameifundisha kwa miaka sita. Mwenzake Mzungu, ambaye hakuwahi kusomea ualimu, hakuulizwa na alilipwa zaidi.

Mshahara wake ulikuwa baht 25,000 kwa mwezi, karibu Sh80,000 za wakati huo. Kwa mtu aliyezoea Sh8,000, hesabu ilikuwa kama ndoto. Kisha akatoa kodi ya chumba, nauli, chakula, ada za visa na kibali cha kazi, deni la chama na pesa za nyumbani. Kilichobaki hakikuwa ndoto tena. Hata hivyo kilitosha kuezeka upya nyumba ya mamake, na kwa miaka miwili mtoto hakurudishwa nyumbani hata mara moja kwa sababu ya karo.

Kwa hiyo alijiambia kwamba kazi ya mzazi ameifanya.

"Mama anakaa kwenye simu"

Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga simu Jumapili. Alitenga saa nzima, akavaa vizuri, akakaa kitandani na orodha ya maswali kichwani. Umekuwa wa ngapi? Mwalimu anasemaje? Umefanya kazi ya nyumbani? Mbona huandiki vizuri? Kiatu nilichokutumia kimekutosha?

Mtoto alijibu kwa neno moja moja. Ndiyo. Hapana. Sijui. Dakika ya tano akaanza kutazama mlangoni, dakika ya nane akawa ameshatoka mbio kwenda kucheza. Mama akabaki akizungumza na dari ya nyumba ya Likoni, kwani simu ilikuwa imeachwa chali mkekani.

"Mwache, ni mtoto," mamake alimwambia. Lakini yeye ni mwalimu. Ameshika watoto wa watu 40 wakamsikiliza, sasa vipi ashindwe na mmoja wa tumbo lake? Akaongeza maswali. Akatafuta mtu anayesafiri, akampa gari la kuchezea la betri apeleke nyumbani. Gari lilifurahiwa kwa siku tatu, na Jumapili iliyofuata mtoto aliuliza jambo moja tu: "Utatuma nini tena?"

Ndipo siku moja mamake akampigia huku akicheka. Shuleni mwalimu alikuwa amewauliza watoto wazazi wao wanafanya kazi gani na wanaishi wapi. Mmoja akasema baba yake ni utingo, mwingine akasema mamake anauza samaki Marikiti. Zamu ya mjukuu ilipofika, akasimama na kusema: "Mama yangu anakaa kwenye simu."

Darasa lilicheka, mwalimu akacheka, majirani walipohadithiwa wakacheka. Mwalimu wa Bangkok naye alicheka, kwa sababu kweli kilikuwa kichekesho. Kisha akakata simu, na usiku ule hakulala.

Mkono uliovunjika

Julai 2023, kwa siku nne mfululizo, kamera ya simu ya nyanya ikawa "na shida". Sauti ilipita, picha haikupita. Siku ya tano mwalimu alikuwa kwenye boti akipitia simu yake aliposhtuka. Jirani wa Likoni alikuwa ameweka picha ya watoto wa mtaani wakila maembe, na katikati yao alikuwapo mwanawe, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya plasta nyeupe hadi kwenye kiwiko.

Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mwembe. Nyanya alimbeba kwa bodaboda hadi hospitalini, akalala naye huko usiku mmoja, akalipa, akarudi naye nyumbani na kuendelea kupika mahamri.

Maneno yaliyopita kwenye simu siku ile hakuna aliyependa kuyakumbuka baadaye.

"Mimi ndiye mamake! Ulikuwa na haki gani kunificha?"

"Ningekwambia usiku wa manane, ungefanya nini huko uliko? Ungelia tu. Kesho yake ungesimama mbele ya watoto wa watu na macho mekundu."

"Mtoto ni wangu, Mama."

Mama mzee alinyamaza kidogo. "Wako ndiyo. Lakini usiku alipolia kwa maumivu, alikuwa akiita nani?"

Simu ikakatika, au ilikatwa. Kwa majuma mawili binti na mama walizungumza kwa ujumbe mfupi tu. Pesa zimefika? Zimefika. Mkono unaendeleaje? Vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kupitisha siku hata mbili bila kumwamkia mamake.

Kumbe kilichomuuma hakikuwa mkono. Mikono ya watoto huvunjika na kupona. Alikuwa na wivu. Alikuwa akimwonea wivu mwanamke anayemlelea mwanawe, na mwanamke huyo ni mamake mzazi. Aliona aibu hata kulitamka jambo lenyewe peke yake chumbani.

Mwanamke wa ufagio na ndoo

Katika shule ile yupo mwanamke anayefagia madarasa na kuosha vyoo. Kwa Kithai mfanyakazi wa aina hiyo huitwa mae baan, na maneno hayo yakichambuliwa ni "mama wa nyumba". Asili yake ni Isan, yaani mikoa ya kaskazini-mashariki, mwendo wa usiku mzima kwa basi kutoka Bangkok.

Urafiki wao ulianzia kwenye chakula. Watu wa Isan hula wali mwingine kabisa, wali unaonata. Huumega kwa vidole, wakaufinyanga tonge na kuchovya kwenye mchuzi. Siku moja mchana mae baan alimkaribisha mwalimu, akitarajia kumwona akihangaika. Mwalimu akamega, akafinyanga, akabonyeza kidimbwi kwa dole gumba, akachota mchuzi. Mwenyeji wake alipiga kofi la furaha. Hakujua kwamba mgeni wake amekulia ugali.

Kuanzia siku hiyo wakawa wanakula pamoja, Kithai cha mmoja kikiwa kimevunjika na Kiingereza cha mwingine hakipo. Hivyo ndivyo mwalimu alivyogundua kwamba mwenzake naye ana watoto wawili kijijini, wanaolelewa na mama yake mzazi. Familia za namna hiyo ni nyingi kule. Vijana huja Bangkok kutafuta kazi kwenye viwanda, mahoteli na ujenzi, na wajukuu hubaki na bibi na babu. Aprili, katika sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai iitwayo Songkran, vituo vya mabasi hufurika watu wanaokimbilia makwao kuwaona watoto.

Mwalimu alikuwa amevuka bahari kufika hapo, na akamkuta mtu mwenye kidonda kile kile ambaye nyumbani kwake hakuhitaji hata pasipoti.

Lakini mae baan hakuonekana kuumia kama yeye. Kila mchana aliweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, akapiga, na uso wa mama yake au wa mtoto mmoja ukatokea. Kisha akala. Upande wa pili nao, siku ambazo watoto hawaendi shule, walikula. Dakika tano zingepita bila mtu kusema neno. Mara mtoto angeonyesha paka. Mara bibi angelalamika kuhusu mvua. Halafu kimya tena, vijiko vikigonga sahani.

"Huwaulizi habari za shule?" mwalimu alimuuliza siku moja.

Mwenzake alishangaa. Alimjibu kwa kumwonyesha swali la kwanza ambalo huliuliza kila siku, na ambalo Wathai wengi hulitumia kama salamu: kin khao rue yang, umekula wali au bado? Baada ya hapo hana haraka. Mtoto akiwa na la kusema atalisema.

Mwalimu alirudi darasani akiwaza. Nyumbani Likoni, alipokuwa akiishi na mwanawe, ni lini aliwahi kumkalisha mtoto mbele yake na kumuuliza maswali kwa saa nzima? Hata siku moja. Walikuwa wakiishi tu. Yeye akisahihisha madaftari, mtoto akiburuta gari la mkebe sakafuni, na katikati ya mburuto huo ndipo maneno yalipokuwa yakitoka.

Asmini

Shule za Thailand zina siku mbili za kupiga magoti. Alhamisi moja ya Juni ni zamu ya walimu. Wanafunzi huwaletea maua, likiwamo ua la mbilingani ambalo huinama chini likichanua, ishara ya unyenyekevu wa mtu anayesoma. Agosti ni zamu ya mama.

Siku ya Mama nchini humo ni Agosti 12, tarehe aliyozaliwa Malkia Sirikit, mama yake mfalme, na imeadhimishwa hivyo tangu 1976. Kwa kuwa siku yenyewe ni mapumziko, shule nyingi hufanya sherehe siku chache kabla. Akina mama hualikwa wakiwa wamevaa samawati, huketi kwenye viti mstari mmoja ukumbini, na kila mtoto husogea kwa magoti, akainama miguuni pa mamake na kumpa kishada cha maua meupe ya asmini.

Asmini hiyo ndiyo ile ile ambayo wanawake wa Mwambao hutunga vikuba. Nyuma ya nyumba ya Likoni upo mwasmini uliopandwa na mamake.

Agosti 2024, mwaka wake wa pili katika shule ile, mwalimu alikuwa amesimama pembeni akipanga mistari. Mvulana mmoja wa darasa lake alikuwa bado amekaa chini, kishada mkononi. Mamake anafanya kazi Korea Kusini. Bibi yake, ambaye angekuja badala yake, alikosa basi. Si ajabu. Kila mwaka huwapo watoto wasio na mtu wa kumpigia magoti, na desturi ni mwalimu wa darasa kukalia kiti hicho. Lakini mwalimu wa darasa tayari alikuwa na mtoto mwingine miguuni pake. Alitazama huku na huku, akamwashiria mwalimu kutoka Kenya aketi.

Akaketi. Hakujua aweke wapi mikono. Mvulana alisogea kwa magoti, akainama hadi paji la uso likagusa goti lake, na harufu ya asmini ikapanda. Akaweka kiganja juu ya kichwa kile cha nywele zilizonyooka. Ukumbi mzima ulikuwa ukilia, kama unavyolia kila mwaka, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona mgeni naye analia.

Mvulana alipoinuka aliomba picha moja ampelekee mamake.

Jioni ile ujumbe uliingia kwenye simu ya mwalimu kupitia kwa mwalimu wa darasa. Ulikuwa umeandikwa Kithai, na programu ya simu ikautafsiri kwa namna yake ya kubabaika. Ulitoka kwa mama wa Korea. Maneno yalikuwa machache: asante kwa kuketi kwenye kiti changu.

Mwalimu aliusoma akiwa kwenye boti, katikati ya mto. Mwanamke yule wa mbali angeweza kuumia. Angeweza kuuliza mgeni huyu ni nani hata akapigiwa magoti na mwanangu. Badala yake alishukuru kwamba mtoto alipata pa kuweka maua yake.

Kiti kigumu

Saa mbili usiku za Bangkok ni saa kumi jioni Likoni. Alipiga simu na kumwomba mtoto ampe nyanya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini? Mbona sauti hivyo?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kukwambia asante kwa kukalia kiti changu."

Alilazimika kuieleza hadithi nzima: samawati, magoti, asmini, mama wa Korea. Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda mrefu hadi akadhani mtandao umepotea.

"Kiti chenyewe kigumu, mwanangu," mama mzee alisema hatimaye. "Mtoto wako hataki kuoga."

Wakacheka wote wawili. Baada ya kicheko ndipo yakatoka yaliyokuwa yamekaa kifuani tangu mwaka uliotangulia. Mama mzee alikiri kwamba alificha habari za mkono kwa sababu aliogopa kuambiwa ameshindwa kulea. Binti alikiri kuhusu wivu. Alipolitamka neno lenyewe, mamake hakushangaa hata kidogo. "Hata mimi nilikuonea wivu," alisema. "Wewe ukituma gari la betri naitwa mbaya, mimi ninayesema kaoge."

Usiku ule walikubaliana mambo manne, na hadi leo wanayafuata.

Kwanza, jambo lolote la afya ya mtoto husemwa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Naye mama wa mbali akishaambiwa hatoi amri wala lawama. Huuliza "mnahitaji nini?" na kusikiliza.

Pili, nyanya akisema hapana, mama wa kwenye simu hasemi ndiyo. Mtoto alikuwa amejifunza mapema kwamba akinyimwa kitu barazani hukipata Bangkok. Mlango huo ukafungwa. Kama mama ana maoni tofauti, humwambia nyanya wakiwa wawili, mtoto hayupo.

Tatu, zawadi hazitumwi tena bila sababu. Pesa hupitia kwa nyanya, na ni nyanya anayempeleka mtoto dukani kununua daftari au kiatu. Mtoto anajua mama ametuma, lakini mkono unaompa ni ule unaomlisha.

Nne, Jumapili ya maswali ilikufa. Mahali pake wakaweka dakika kumi na tano za kila siku ya shule, uji kwa wali, saa kumi na mbili asubuhi ya Likoni. Bando la intaneti limo katika bajeti kama unga.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Mtoto alikaa mbele ya simu akisubiri maswali, na maswali hayakuja. Alikunywa uji, akaaga, akaondoka. Mwalimu alijizuia, ingawa ulimi ulimwasha. Wiki ya tatu, akiwa anafunga kamba za viatu na wala hakutazama simu, mtoto alisema kwamba kuna mvulana darasani anayemnyang'anya penseli. Wiki ya nne aliuliza kama Bangkok kuna maembe, na kama watu hupanda miembe, na kama huanguka. Mwezi wa pili alisema kwamba usiku ule mkono ulipovunjika alimwita nyanya kwa sababu nyanya alikuwa karibu. "Wewe ningekuita lakini ungechelewa."

Mama alimeza wali wake polepole. "Ni kweli," alimjibu. "Ningechelewa."

Hakuongeza neno, kwa sababu hapakuwa na la kuongeza. Mtoto alikuwa amesema ukweli bila hasira, na hilo lenyewe lilikuwa jambo jipya kati yao.

Mapumziko yanapokwisha

Hakuna anayejidanganya kwamba dakika kumi na tano ni sawa na kuwapo. Siku ya wazazi shuleni Likoni bado anakwenda nyanya. Homa za usiku bado ni za nyanya. Kila siku 90 mwalimu huripoti anakoishi kwa idara ya uhamiaji, na kila mara huhesabu: siku nyingine 90 za mtoto kurefuka bila yeye kuona. Deni la chama limekwisha. Anaweka akiba ya kurudi, na amemwambia mwanawe hivyo, lakini hakumtajia tarehe, kwa kuwa tarehe ikivunjwa mtoto hataisahau.

Shuleni Bangkok amebadilika pia. Zamani mtoto aliyekuja bila kazi ya nyumbani alimuuliza kwa nini. Siku hizi humuuliza kwanza anaishi na nani. Wengi hujibu neno moja: yaai, mama mzaa mama. Huwaambia yaai wamsalimu.

Asubuhi moja hivi karibuni kikao na mwalimu mkuu kilirefuka. Alipofika kwenye benchi lake nyuma ya jikoni zilikuwa zimebaki dakika nne, na chakula hakuwa nacho. Alipiga hivyo hivyo, akihema kwa ngazi. Likoni mtoto alikuwa ameshavaa sare, mkoba mgongoni, nyanya akimwita kutoka nje kwamba atachelewa.

Mvulana aliinama akaitazama simu kwa karibu, jicho moja likijaza kioo.

"Mama," akasema, "umekula?"